Mnatukimbiza na Amapiano, Piano Yenyewe Hamuijui

Wadau, leo naongea na mastaa wetu. Sitaji jina la mtu, kwa hiyo wanasheria wapumzike. Nimerusha jiwe gizani, na mtakayemsikia analia kwenye insta stori mjue ndiye limempata.

Kuna jibu moja linatembea sana kwenye intavyuu siku hizi. Mtangazaji anauliza, "Muziki ulijifunzia wapi?" Staa anajiweka sawa kwenye kiti, anashusha miwani kidogo, anajibu, "Muziki hausomewi kaka. Muziki uko kwenye damu." Studio nzima inapiga makofi. Kesho yake klipu imesambaa, madogo wanaiposti na vimoto vitatu pembeni.

Mimi nasema huo ni uongo. Na wala siyo uongo wa kiki ambao ukipita wiki tumeshausahau. Huu unakula hela za watu, sauti za watu na miaka ya watu. Kibaya zaidi, baadhi ya wanaousema wanajua kabisa kwamba ni uongo. Nitafika huko, vuta kiti.

Tuanze na kichekesho. Miaka hii kila mtu katoa amapiano. Sawa, amapiano ni nini? Ni muziki uliozaliwa kwenye vitongoji vya mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini, miaka ya 2010, na jina lake maana yake ni mapiano, yaani piano nyingi. Vijana wa kule walilaza piano yenye harufu ya jazi juu ya mdundo wa taratibu, ukawa muziki wao, wakauita kwa jina la chombo chenyewe. Sasa wewe una amapiano tano mtandaoni, mtu akikuwekea kinanda akakwambia onyesha do iko wapi, unacheka na kuita meneja. Ni sawa na mtu anayejiita fundi magari halafu hajui boneti inafunguliwaje.

Na usije na ile ya "piano ni mambo ya wazungu". Prodyuza wako anaitumia kila siku. Ukiingia studio nyingi za hapa mjini utakuta FL Studio kwenye kompyuta. Angalia ile sehemu anayochorea melodi: pembeni kushoto kuna vitufe vya piano vimesimama wima, vyeupe na vyeusi. Besi lako limechorwa pale. Vayolini zako za kompyuta zimechorwa pale. Hata ile filimbi iliyokutoa kimuziki imechorwa pale. Kila wimbo wako umepita kwenye piano, ni wewe tu ambaye hukupita.

Sasa kabla hamjaja na povu, nieleweke. Sisemi kila msanii akakae chuo miaka mitatu. Mimi mwenyewe nimeishia form four, sina cheti cha muziki, niliyonayo nimeyaokota kwenye kinanda cha mtumba na video za bure. Ninachosema ni kwamba muziki unajifunzwa, na kuna vitu vinne ambavyo mtu anayekula kupitia muziki hana sababu ya kutovijua: vitufe, sauti, historia, na kichwa cha anayekusikiliza.

Kwanza vitufe. Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Ukiiangalia inatisha. Lakini sauti zenyewe ni 12 tu, zinajirudia kutoka chini kwenda juu. Ukizijua hizo 12 umezijua zote, kama namba za nyumba kwenye mitaa inayofanana. Bonyeza do, mi na so kwa pamoja. Hiyo ni kodi, na naongelea kodi za muziki, siyo za TRA. Utasikia uchangamfu. Sasa ile mi ya katikati iachie, bonyeza kitufe cheusi kilicho kushoto kwake. Umebadilisha sauti moja tu, tena kwa hatua ndogo kuliko zote, lakini kwa masikio yetu yaliyozoea muziki huu, hali nzima imegeuka, imeingia huzuni. Hiyo inachukua dakika mbili kujifunza. Mtu aliyejifunza anajua kwa nini wimbo wake wa kuachwa unasikika kama tangazo la sabuni. Analia juu ya kodi za sherehe, na hakuna aliyemwambia.

Jina lenyewe la piano lina somo ndani yake. Huyo aliyeitengeneza, Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, mnamo 1700 hivi, alikuwa anatatua tatizo moja. Kinanda maarufu cha wakati ule kilikuwa kinatoa sauti ya nguvu ileile, ubonyeze kwa upole au kwa hasira. Yeye akaunda cha kuitikia mkono wa mtu. Kikaitwa kwa Kiitaliano jina lenye maana ya "polepole na kwa nguvu", baadaye likakatwa ikabaki piano. Yaani miaka 300 iliyopita kuna mtu aliona muziki usiopanda wala kushuka ni muziki nusu. Halafu leo tunapewa nyimbo zimebanwa mwanzo mwisho kama honi ya daladala. Ukiuliza unaambiwa ndiyo soko.

Waulize wapiga vyombo wa hapa mjini, wale wanaokodiwa kwenye shoo za live, watakusimulia. Bendi inamuuliza staa, "Unaimba kwenye kii gani?" Kii ni ile sauti ambayo ndiyo nyumbani kwa wimbo, unapotoka na unaporudi. Staa anajibu, "Ile ile ya kwenye wimbo." Wapiga vyombo wanaangaliana. Mmoja anaanza kutafuta, anapanda, anashuka, kama mtu anayetafuta swichi gizani kwenye nyumba ya watu.

Unacheka, lakini hapo ndipo hela inapopotelea. Msanii asiyejua kii yake anaimba popote prodyuza alipoweka biti. Ikiwa juu sana anapiga kelele, ikiwa chini sana anamung'unya. Na ukija ugomvi wa nani katunga, ndiyo kabisa. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda muziki pia, siyo mashairi peke yake. Sasa wewe ambaye huwezi kuonyesha melodi yako ni ipi na ya prodyuza inaanzia wapi, utadai nini? Utabaki kwenye laivu unalia kwamba umedhulumiwa, na sisi mashabiki tunajaza komenti za pole. Ujinga wa muziki una bili, na anayelipa ni wewe.

Pili, sauti. Hapa ndipo nina hasira.

Kooni mwako kuna mikunjo miwili midogo ya nyama. Ukiimba, inagongana kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Ile la ambayo wapiga vyombo wengi duniani wanaitumia kuweka sawa vyombo vyao ni mitetemo 440 kwa sekunde. Dada anayeishikilia sauti hiyo kwa dakika moja, mikunjo yake imegongana mara 26,400. Hiyo ni dakika moja, kwenye sauti moja. Sasa mpeleke kwenye shoo tatu za wikiendi moja, hajapasha sauti, hajalala, amekunywa vitu vyake, anapiga kelele juu ya spika kwa sababu hajisikii. Baada ya miaka mitatu anakuja na sauti ya mkwaruzo, tunaambiwa "amebadilisha staili". Hajabadilisha staili, ameumia. Mikunjo ikinyanyaswa inavimba, inaota vinundu, na wengine wanaishia mikononi mwa daktari. Hakuna mchezaji mpira anayeingia uwanjani bila kupasha misuli. Mwimbaji wetu anaona kupasha sauti ni ushamba.

Halafu tuna ugonjwa wa kubana pua na ugonjwa wa kufichwa na mashine. Auto-Tune ilitoka 1997. Aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyetokea kwenye kazi ya kusoma mawimbi ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta. Mwaka uliofuata Cher akaitumia waziwazi kwenye wimbo wake wa Believe, dunia ikashtuka, na hadi leo haijapoa. Mimi sina ugomvi na hicho chombo. Mtu anayejua kuimba akikitumia kama rangi, kinapendeza. Tatizo ni anayekitumia kama magongo ya kutembelea.

Na hapa kuna kitu kinanichekesha kila nikikikumbuka. Ili Auto-Tune ifanye kazi vizuri, lazima uiambie wimbo uko kwenye kii gani na sauti zipi zinaruhusiwa. Yaani mashine inataka kujua muziki kwanza ndiyo ikusaidie. Mashine imesoma, wewe unasema muziki hausomewi.

Matokeo tunayaona jukwaani. Watu wamelipa kiingilio, wamelipa bodaboda ya kwenda na kurudi, wengine wamekopa. Staa anapanda, CD inapigwa, yeye anaruka. Maiki imeshuka mpaka kiunoni na sauti inaendelea kuimba vizuri tu. Muujiza. Ikitokea umeme umeyumba, biti ikakata, anageuzia maiki kwa mashabiki: "Imbeniiii!" Mashabiki wanaimba. Mwenye shoo ni nani sasa, yeye au sisi tuliolipa?

Nenda Jumapili kanisani, kaa nyuma, sikiliza kwaya. Utamkuta mama mwenye genge la nyanya anaimba sauti ya pili, kijana wa bodaboda yuko sauti ya nne, mwalimu anawaandikia do re mi ubaoni na wanasoma kama gazeti. Hizo herufi za sol-fa zilienezwa na mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, karne ya 19, hasa kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na hela ya chombo. Wamisionari wakaja nazo huku, zikabaki. Vivyo hivyo madrasa: ustadhi anamsimamisha mtoto mpaka ajue wapi pa kuvuta pumzi na wapi pa kuibana. Kisomo wenyewe hawakiiti muziki, na mimi sikiiti, ila nidhamu ya pumzi pale ipo, na waimbaji wengi wa mwambao walianza kufungua kinywa chuoni. Kwa hiyo msituambie elimu hii ni ya matajiri. Ipo uswahilini, bure, kila wiki. Mliikimbia wenyewe.

Tatu, historia. Kila mwaka tunapata mwanadada anayejitangaza kuwa wa kwanza kuutoa muziki wa Kiswahili nje ya mipaka. Kila mwaka. Jamani, 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri kwa Kiswahili. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu 1880, kwenye familia ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu. Shule hakwenda. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, kitabu kipo, kinauzwa, tena hakina unene wa kutisha. Na sikiliza hii: alipofika mjini alifundishwa. Kulikuwa na watu wa kikundi cha Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905 na kipo hadi leo, waliomkalisha chini wakamfundisha kuimba na muziki. Muuza vyungu kakubali kufundishwa, wewe mwenye data ya mwezi mzima unasema kipo kwenye damu.

Hata taarab yenyewe, masimulizi ya Unguja yanasema Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma mtu Misri akajifunze kupiga kanuni. Akaenda, akajifunza, akarudi, akafundisha. Mizizi ya muziki tunaojivunia mbele ya watalii ina mwanafunzi ndani yake.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Mbona Mbaraka Mwinshehe hakwenda chuo?" Nakujibu. Kutokwenda chuo siyo kutojifunza. Bendi za zamani zilikuwa chuo. Kijana anaingia anabeba vyombo, anaangalia vidole vya mkubwa, anapewa rithimu, miaka inapita ndiyo anakabidhiwa solo. Walikuwa na mazoezi kama kazi ya kiwandani, siku hizi na saa hizi, ukichelewa unakatwa. Ndivyo Morogoro Jazz ilivyofika hadi kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, 1970, na gitaa la Mbaraka likaongea mbele ya dunia. Ndivyo NUTA Jazz ya 1964 ilivyobadilisha majina mpaka ikawa Msondo Ngoma, na Muhidin Gurumo akaimba kwa takriban nusu karne, akastaafu 2013 akiwa mzee. Bi Kidude naye alikuwa anapanda jukwaani akiwa bibi kabisa, mpaka alipotutoka 2013. Nitajie msanii wako wa damu ambaye ataweza kuimba hivyo akiwa na miaka 70. Wengine sauti zimeisha na thelathini hawajafika.

Na historia hiyohiyo inatufundisha kuinyenyekea piano bila kuiabudu. Kuna maqamu za taarab zenye sauti ambazo kwenye piano hazipo, zinakaa katikati ya kitufe na kitufe, kanuni na udi vinazifikia, piano haiwezi. Ilimba ya Wagogo, ile ambayo hayati Hukwe Zawose aliizungusha duniani, mpangilio wake haukai sawasawa kwenye vile vitufe 12. Kwa hiyo piano ni mlango, siyo nyumba nzima. Lakini utajuaje kwamba bibi yako ana sauti ambazo mzungu hana kwenye kinanda chake, kama hujui hata hizo 12 alizonazo? Anayejua ndiye anayeweza kuchanganya. Asiyejua anakopi tu, leo Naijeria, kesho Afrika Kusini, keshokutwa kokote upepo utakapotokea.

Nne, kichwa cha msikilizaji. Hapa mastaa wetu wanajidanganya kuliko popote.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha jambo rahisi sana. Aliwaonyesha watu maneno na alama wasizozijua, nyingine mara chache, nyingine mara nyingi. Baadaye walivyoulizwa, walizipenda zaidi zile walizoziona mara nyingi. Hawakuzielewa, walizizoea tu. Sasa rudi kwenye wimbo wako. Una hela ya promo, wimbo unapigwa asubuhi kwenye daladala, mchana saluni, jioni baa, usiku kwenye simu. Wiki ya tatu mtu anajikuta anauimba akiwa anakosha vyombo. Unasema, "Mmeona? Ngoma imekubalika." Inawezekana imekubalika. Inawezekana pia tumeizoea kama tulivyozoea kelele za jenereta la jirani. Kipimo ni rahisi: promo ikisimama, nani ataitafuta?

Tofauti ya kuzoea na kuguswa ipo, na imepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Canada, waliwachukua watu wanaosisimkwa na muziki hadi nywele kusimama, wakaangalia ubongo wao. Ubongo ulikuwa unatoa dopamini, kile kile kinachotoka mtu akila chakula kizuri akiwa na njaa. Tena ilianza kutoka kabla ya kile kipande chenyewe kufika, wakati mtu anakisubiri. Soma tena hapo: wakati anakisubiri. Yaani utamu wa wimbo unakaa kwenye kusubirishwa. Unampa mtu dalili kwamba unarudi nyumbani kwenye ile kii, halafu unamchelewesha kidogo, anavuta pumzi, ndipo unampa. Wakongwe wa taarab walilijua hilo bila mashine ya hospitali, ndiyo maana ukumbi ulikuwa unangoja, unangoja, halafu watu wanainuka kwenda kutunza. Wewe kiitikio chako kinaanza sekunde ya kwanza, kinarudi kilekile hadi mwisho. Hujatuacha tusubiri chochote, halafu unashangaa wimbo una wiki mbili na umekufa.

Sasa turudi kwenye damu. Sikatai kipaji. Kuna watu wamezaliwa na masikio makali, kuna watu wamejaliwa koo, tunawaona. Lakini 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wa wapiga vayolini wa chuo kimoja cha Berlin. Wale waliokuwa bora zaidi, kufikia miaka 20 walikuwa wameshafanya mazoezi peke yao kwa zaidi ya saa 10,000 kwa wastani. Wale waliokuwa wanasomea ualimu wa muziki hawakufika hata nusu yake. Watafiti wengine wamebishana naye kwamba mazoezi siyo kila kitu, na wana hoja. Ila sijamsikia hata mmoja wao akisema mazoezi siyo kitu. Kipaji ni mbegu nzuri. Aliyeipanda na kuimwagilia na aliyeiweka mfukoni akapiga nayo selfii, wakati wa mavuno tutawajua.

Nilisema nitafika kwenye wanaojua kwamba ni uongo. Nimefika.

Kuna mmoja wao, kati ya wanaopigiwa makofi kwa ile sentensi ya damu. Mtoto wake anasoma shule ya ada nene, ile ambayo muziki uko kwenye ratiba na mwalimu wa piano yupo. Ameposti mwenyewe, mtoto kakaa kwenye kinanda, mgongo umenyooka, vidole vinatembea vizuri kabisa, chini ameandika maneno ya fahari ya mzazi. Hongera kwake, mtoto mzuri, Mungu amkuze. Lakini kaka, mbona mwanao umempeleka kwenye kitu ambacho hakisomewi? Mbona damu yako haikumtosha? Mwanao anapata mwalimu, mtoto wa Mbagala anapata nukuu.

Hicho ndicho kinachoniuma. Kuna dogo mahali fulani sasa hivi ana sauti. Ana sauti kweli. Anauza simu yake apate hela ya studio kwa sababu ameambiwa kinachotakiwa ni kutoa ngoma tu, damu itamalizia. Anaingia, anaimba kwenye kii isiyo yake, anaumia koo, wimbo hautoki, hela imeenda, simu imeenda. Anarudi nyumbani anajiona hana kipaji. Na kipaji anacho! Alichokosa ni miezi sita ya kufundishwa, na aliyemwambia asihangaike kufundishwa ni yule aliyemweka ukutani chumbani kwake.

Ukiwa staa, ukisema huna muda wa kujifunza, nitakuelewa. Ukisema umechelewa, nitakuelewa pia. Lakini kusimama mbele ya maiki ukageuza usilolijua kuwa sifa, ukawafungia mlango wanaokuja nyuma yako, huo siyo uswahiba na mashabiki. Huko ni kuziba njia ili ubaki peke yako barabarani.

Wewe dogo unayesoma hii kwenye simu yenye kioo kimepasuka, sikiliza. Simu usiuze. Shusha programu ya piano, za bure zipo nyingi. Wiki hii tafuta do, mi, so, kisha shusha ile mi, sikiliza kinachotokea. Imba do re mi kupanda na kushuka taratibu kabla hujaimba kitu chochote, na kunywa maji. Jirekodi ukiimba bila biti, jisikilize mpaka mwisho hata kama inakuuma. Kila wiki chukua wimbo mmoja wa zamani, uusikilize mara tano: mara ya kwanza mwimbaji, ya pili gitaa la solo, ya tatu besi, ya nne ngoma, ya tano vyote pamoja. Kama kuna kwaya, ingia. Kama kuna bendi inafanya mazoezi baa ya karibu mchana, nenda kabebe spika, macho yako yawe kwenye vidole vyao. Ukipata nafasi kubwa zaidi, Bagamoyo kuna TaSUBa na Unguja kuna chuo cha muziki cha DCMA. Wapo kwa ajili yako.

Na nyie watangazaji, mna kazi moja tu. Siku akija mwingine na ile ya "muziki hausomewi", msimpigie makofi. Zimeni biti, msogezeeni maiki, mwambieni aimbe kiitikio chake dakika moja, sauti kavu, laivu, sisi tunasikiliza.

Damu itajibu.

Povu ruksa hapo chini, ila kama unakuja kumtetea staa wako, njoo na kii yake.